Asilimia Kumi na Mbili ya Kitu Gani

2 Machi, Jumatatu

Leo nimeongezwa mshahara. Naandika tena ili niamini: nimeongezwa mshahara. Miaka minne nimelipwa laki tano, haipandi haishuki, na leo saa nne asubuhi Bosi ametoka kwenye chumba chake cha kupimia macho, akasimama katikati ya duka lake la miwani, akatuita wafanyakazi wote, akasema, "Kuanzia mwezi huu, kila mmoja asilimia kumi na mbili." Dada wa mapokezi alipiga kigelegele mpaka mteja akaangusha fremu. Mimi nilikuwa nyuma kwenye mashine ya kukatia lenzi, mikono imejaa unga mweupe. Nilitoka hivyo hivyo, nikampa Bosi mkono, nikampaka unga mpaka kwenye saa yake.

Fundi mwenzangu wa lenzi tunamwita Profesa, kwa sababu hata ukipiga chafya atakueleza chafya inatokea wapi. Alinitazama nikicheka peke yangu, akasema, "Taratibu. Bei zinapanda asilimia sita kwa mwaka. Kumi na mbili toa sita. Umepata sita."

"Mimi nimepata elfu sitini," nikasema.

"Sitini mkononi. Thelathini dukani."

Kwa hiyo nimetoka kazini na elfu sitini, na kabla ya kufika nyumbani zimeshakuwa thelathini, na bado sijapewa hata moja.

Nilimwambia Baba. Alikuwa kitini dirishani, mkono wa kulia mapajani kama kitu alichowekewa na mtu. Baba alikuwa fundi rangi wa majumba, hodari, mpaka kiharusi kilipompata miaka minne iliyopita. Tangu hapo maneno yake hutoka moja moja. Akasema, "Vizuri." Kisha baada ya muda, "Sana."

3 Machi

Sikulala vizuri kwa furaha na kwa aibu. Aibu ni kwa sababu ya Mama Pacha. Huyu ndiye anayemlea Baba ninapokuwa kazini, Jumatatu hadi Jumamosi. Anamwogesha, anamlisha, anamnyoosha viungo, na wanabishana juu ya mpira wa redioni kama watoto. Mwaka wa pili huu namlipa laki moja na hamsini. Nikaona si haki mimi nipande peke yangu. Basi asubuhi nimemwambia: na yeye asilimia kumi na mbili. Elfu kumi na nane juu.

"Ahsante, Dada. Mungu akuzidishie," akasema. Kisha akauliza kama nimekumbuka kununua sabuni.

Sijui nilitegemea nini. Labda kigelegele.

7 Machi

Mvua ya kwanza. Mama Pacha na Baba walibishana kama ile ilikuwa penalti au siyo. Baba alisema neno zima refu bila kukwama: "Kaonewa."

12 Machi

Mama Pacha amechelewa. Natakiwa kutoka saa moja na nusu. Amefika saa mbili kasoro, ameloa mpaka magotini. "Barabara, Dada," akasema. Nimekimbia mpaka dukani na bado Bosi ametazama saa yake, ileile niliyoipaka unga.

16 Machi

Kachelewa tena. Barabara tena.

17 Machi

Mvua. Kachelewa.

24 Machi

Leo nimempandishia sauti. Nikamwambia, "Mama Pacha, mvua hii inawanyeshea wote, mbona mimi nafika?" Alivua viatu mlangoni, akavisimamisha ukutani vichuruzike, akaingia ndani kumwamsha Baba. Nikatoka nikiwa na hasira, na katikati ya njia hasira ikaniishia.

31 Machi

Mshahara umeingia. Laki tano na sitini. Niliitazama simu mara tatu.

1 Aprili

Kodi ya nyumba. Mwenye nyumba amesema kuanzia mwezi huu imepanda elfu ishirini na tano, kwa sababu na yeye kapandishiwa kila kitu. Nikamlipa. Dawa za Baba: muuza dawa akasema bei imebadilika. Nikamuuliza, "Tangu lini?" Akajibu, "Tangu juzi," bila kunitazama. Umeme. Unga, mafuta, mchele. Mama Pacha nimempa laki moja sitini na nane, mkononi, nikimtazama usoni. Alizikunja akasema ahsante.

Jioni nimemwambia Baba, "Huyu mwanamke nimemwongeza na bado anachelewa. Watu wengine ukiwatendea wema ndio wanakulegezea."

Baba akanitazama. "Mvua," akasema.

"Mvua, mvua! Na wewe unamtetea?"

"Mvua," akarudia, akageukia dirisha.

8 Aprili, Jumatano

Kichwa kinaniuma na nataka kuandika haya kabla hayajanitoka.

Mchana wateja walikuwa wachache. Mashine ilikuwa inachonga lenzi ya mzee mmoja, lenzi nene kama kitako cha glasi, kazi ya kusubiri. Nikamwambia Profesa: mbona mwezi una siku nane tu na mimi nimeshaanza kuhesabu vilivyobaki? Wewe ulisema nimepata thelathini. Ziko wapi?

Akauliza, "Mara ya mwisho kuongezwa ilikuwa lini?"

"Sijawahi kuongezwa. Nimeanza na laki tano miaka minne iliyopita."

Akapiga mkono kwenye paji la uso. "Kumbe! Mimi nilikuhesabia mwaka mmoja." Profesa yeye ameajiriwa mwaka jana tu. Akachukua simu yake, akafungua kikokotoo, akanisogezea. "Tuseme kila mwaka ni sita hiyohiyo. Ili ubaki palepale ulipokuwa, mwaka wa kwanza ungehitaji ngapi?"

Laki tano na thelathini. Mwaka wa pili, sita ya hiyo: laki tano sitini na moja na mia nane. Mwaka wa tatu, laki tano tisini na tano na ushee. Mwaka wa nne, laki sita thelathini na moja.

Nilizitazama zile namba. Nikarudi kwenye mwaka wa pili. Laki tano sitini na moja na mia nane. Mimi nalipwa laki tano na sitini.

"Kwa hiyo," nikasema polepole, "leo hii nalipwa nilichotakiwa kulipwa miaka miwili iliyopita."

"Pungufu kidogo."

"Lakini nimeongezwa!"

"Umeongezwa."

"Na nimepunguziwa."

"Hapana, hukupunguziwa jana. Ulikuwa unapunguziwa kidogo kidogo miaka yote minne. Sasa wamekurudishia sehemu."

Nikamuuliza nani hao waliokuwa wananipunguzia. Bosi hakugusa mshahara wangu. Mwenye nyumba kapandishiwa na yeye. Muuza dawa hanitazami usoni lakini si mwizi. Profesa, ambaye ana maelezo ya kila kitu, alikuna kichwa akasema, "Hapo sasa." Mashine ikalia kwamba imemaliza.

Nimeirudia hesabu nyumbani kwa kalamu. Inakuja ileile. Nimekosa elfu sabini na moja kufika pale nilipokuwa siku niliyoajiriwa, na mwezi uliopita nilimshukuru Bosi kwa mikono miwili.

9 Aprili

Nimerudia tena. Ileile.

11 Aprili

Nimekwenda kwa kaka yangu. Yeye huendesha mitambo ya kusukuma maji, kazi ya zamu. Tangu Baba augue anatoa elfu themanini kila mwezi, hajawahi kukosa, na mimi nikijazia zilizobaki. Nimemweleza hesabu ya Profesa: elfu themanini ya wakati ule sasa inatakiwa iwe kama laki moja.

Alikuwa ametoka zamu ya usiku, macho mekundu. "Mdogo wangu," akasema, "wewe umeongezwa, ndio unakuja kuniomba mimi niongeze? Mimi sijaongezwa hata senti."

"Sijaongezwa kwa kweli, kaka. Ndiyo maana yake."

"Umeongezwa au hukuongezwa?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Akacheka, kicheko kibaya. Nikamwambia Baba ni wa wote wawili. Akaniambia nisimfundishe Baba ni wa nani. Nimeondoka bila kuaga vizuri, mvua ikinipiga usoni, na njia nzima nimekuwa najibu lile swali lake na kila jibu linanigeuka.

14 Aprili

Dukani minong'ono. Inaonekana si mimi tu niliyehesabu. Dada wa mapokezi, yule wa kigelegele, leo hakumsalimu Bosi. Bosi akatuita. Uso ulikuwa umemvimba.

"Nimewaongeza asilimia kumi na mbili," akasema, "na bado mnanuna! Mnajua lenzi naagiza kwa bei gani? Mnajua kodi ya duka hili? Watu wengine ukiwatendea wema—" Akaachia hapo, akarudi chumbani kwake.

Nilijaribu kukumbuka nimeyasikia wapi maneno yale, na nilipokumbuka nikatamani nisingekumbuka. Niliyasema mimi, sebuleni kwetu, mbele ya Baba.

15 Aprili

Mama Pacha kachelewa. Nimempa taulo, nikatoka.

20 Aprili, Jumatatu

Mama Pacha anaacha kazi.

Aliniambia jioni nilipofika, akiwa ameshajifunga kanga yake kichwani tayari kwa mvua. "Dada, nitamaliza mwezi huu. Nimepata mahali karibu na kwangu. Kuna mtoto mchanga." Alisema akitazama sakafu.

Nikamuuliza wanamlipa ngapi. Nilikuwa najiandaa kusikia laki mbili, hata laki mbili na nusu.

"Laki moja na sitini."

Nilidhani sikusikia. "Mimi nakulipa laki moja sitini na nane!"

"Najua, Dada."

"Unaniacha kwenda kulipwa pungufu? Nimekukosea nini? Ni ile siku niliyokupandishia sauti?"

"Hapana, Dada. Wala usifikirie hivyo." Akamuaga Baba. Baba alimshika kidole kwa mkono wake mzima akakataa kukiachia, ikabidi akitoe taratibu kama mtu anayemlaza mtoto.

Baba hakula. Nilimsogezea kijiko, akafunga mdomo. Nikamwambia, "Baba, mimi simfukuzi, anakwenda mwenyewe, tena kwa pesa pungufu! Sasa mimi nifanyeje?" Nikasikia sauti yangu inapanda, nikaenda kusimama jikoni.

Nimezoea kazi ambayo ukikosea nusu milimita lenzi haiingii kwenye fremu, unajua umekosea. Hapa kila kitu kinaingia na hakuna kinachokaa.

21 Aprili

Baba kanywa chai tu.

22 Aprili, Jumatano

Bosi alinituma asubuhi mapema kupeleka miwani kwa mteja mgonjwa upande wa pili wa mji, kwa hiyo nilimwacha Baba na jirani kwa nusu saa. Nilipofika daraja la mtoni, mvua ilikuwa inamwagika. Watu walikuwa wamejibanza kwenye kibanda. Mwanamke mmoja peke yake alikuwa anavuka daraja kwa miguu, amejifunika nailoni, viatu kavibeba kwenye mfuko. Nilimtambua kwa mwendo kabla ya sura.

Magari ya abiria yalikuwa yanampita. Matatu, manne. Yalikuwa na nafasi. Hakuinua mkono.

Nilitaka kumwita, nikashindwa. Nilijificha nyuma ya watu mpaka akapita. Sijui kwa nini mimi ndiye niliyejificha.

23 Aprili

Leo nimeomba ruhusa ya kutoka mapema. Nimemkuta anamnyoosha Baba vidole, kimoja kimoja. Nikakaa chini mkekani.

"Mama Pacha, jana nilikuona darajani."

Mikono yake ikasimama. Baba ndiye aliyesema. "Anatembea," akasema. "Kila siku."

"Ulikuwa unajua, Baba?"

"Mvua," akasema, na safari hii nikamwelewa.

Mama Pacha akasema nauli ilipanda mwezi Februari, toka mia tano mpaka mia nane, kwenda mia nane na kurudi mia nane. Akaanza kutembea asubuhi ili jioni apande. Na mvua ilipoanza, njia ya mkato ikajaa maji, ikabidi azungukie darajani.

Nikachukua simu, nikafungua kikokotoo kama Profesa. Siku ishirini na sita kwa mwezi, safari mbili kwa siku, mia tatu zaidi kila safari. Elfu kumi na tano na mia sita. Nilimwongeza elfu kumi na nane.

"Elfu mbili na mia nne," nikasema. "Nimekuongeza elfu mbili na mia nne."

"Na mafuta ya kupikia yamepanda," akasema, si kwa kulaumu, ni kama mtu anayekumbuka kitu cha kununua.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana siku ile, Dada. Nikaona nisikuharibie."

Nililia. Nilimwambia naogopa, kwamba sina cha kumwongeza, kwamba hata mimi nimeongezwa halafu sikuongezwa, na nikaanza kumweleza ile sita na kumi na mbili na miaka minne, nikachanganya kila kitu, nikasema laki sita mahali pa laki tano. Baba akatoa sauti. Nilidhani ameumwa. Alikuwa anacheka. Mama Pacha naye akaangua, na mimi na machozi yangu nikacheka.

Tulipotulia nikamuuliza: kama si pesa, ni nini kingekusaidia ubaki?

Alifikiri. Akasema wale wa karibu na kwake wanataka mtu wa kila siku, lakini wameshasema wakimkosa watatafuta hata wa siku mbili za kufua. Akiwa na siku mbili kule na nne hapa, kwa mshahara huuhuu wa hapa, ataweza. Nauli itapungua, na kule atapata kidogo.

Siku mbili. Na Baba siku hizo?

"Ngoja nione," nikamwambia. Nilisema hivyo kwa sababu sikuwa naona chochote.

24 Aprili

Baba kala. Nusu sahani.

27 Aprili

Nimeingia kwa Bosi. Nilikuwa nimepanga kuomba pesa. Nilikuwa na laki sita thelathini na moja yangu kichwani na nilitaka kuiweka mezani kwake. Lakini alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha wagonjwa, kile cha kupimia macho, ameegemea, macho kafumba. Akasema bila kufumbua, "Na wewe umekuja kuacha kazi?" Dada wa mapokezi alikuwa ametoka humo saa hiyo hiyo. Amepata kazi kwenye duka la simu.

Nikamwambia hapana. Nikamwonyesha hesabu ya miaka minne. Aliitazama kwa muda. "Ni kweli," akasema. "Na mimi pia ni kweli. Pesa sina." Akanionyesha bei za lenzi, za mwaka huu na za miaka minne iliyopita. Sikujua nimwamini nusu au yote. Miwani tunayouza nayo imepanda bei, hilo naliona kila siku. Labda anasema kweli na bado angeweza kunipa zaidi. Yote mawili kwa pamoja. Sijui.

Nikamwomba Jumamosi. Mshahara uleule, Jumamosi nisije.

"Jumamosi ndiyo siku ya wateja!"

"Wateja ni wako na wa mapokezi. Lenzi za Jumamosi nitazikata Ijumaa. Profesa atashika mashine, na mimi nitamshikia Jumatatu asubuhi aende kwenye masomo yake ya chuo anayoyakosa kila wiki."

Alifumba macho tena. "Tujaribu," akasema.

29 Aprili

Kati ya zile siku mbili za Mama Pacha imebaki moja, Jumatano. Nimempigia kaka. Sikumwambia habari za asilimia. Nilimwambia tu Mama Pacha anatembea kwa miguu kutoka kwake mpaka kwetu kwenye mvua.

Nikasikia mitambo ya maji ikinguruma nyuma yake.

"Pesa sina, mdogo wangu. Kweli sina."

"Sijakuomba pesa. Nakuomba Jumatano."

"Mimi sijawahi kumwogesha Baba," akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tukiwa wadogo.

"Hata mimi," nikasema. Ilikuwa kweli. Miaka minne, Jumapili zote nimekuwa nikimfuta uso na mikono na kumsubirisha mpaka Jumatatu.

6 Mei, Jumatano

Kaka alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Nimerudi jioni nimekuta sakafu ya bafuni ni bwawa, kaka amelala mkekani fofofo, na Baba kitini, nywele zimesimama, vifungo vya shati vimepishana. "Ameniosha," Baba akasema, "kama gari."

8 Mei

Mama Pacha amefika saa moja na robo. Viatu vikavu.

9 Mei, Jumamosi

Leo ilikuwa zamu yangu.

Nilichemsha maji. Nilimshika Baba chini ya kwapa kama Mama Pacha alivyonionyesha, tukaenda hatua ndogo ndogo mpaka bafuni. Nikamkalisha kwenye stuli. Nilipoanza kumfungua shati aliushika mkono wangu. Hakukaza, aliushika tu. Nikangoja. Nje mvua ilikuwa nyembamba, ile ya mwisho mwisho. Kisha akauachia.

Sikujua mgongo wa baba yangu ukoje. Una doa la rangi ya buluu karibu na bega, nikalisugua nikidhani ni uchafu. "Alama ya kuzaliwa," akasema. Miaka yangu yote sikujua. Nilimwogesha taratibu, mkono ule mzima kwanza, halafu ule mwingine ambao ni mzito na laini kama wa mtu aliyelala. Nilimwosha miguu. Aliniambia maji yamepoa, nikaongeza ya moto. Akaniambia yameunguza, nikaongeza ya baridi.

"Bosi," akasema. "Kakupa nini?"

"Kanipa Jumamosi, Baba."

"Na pesa?"

"Ileile."

Maji yakamchuruzika kidevuni. Nilijua anapiga hesabu. Enzi zake alikuwa akitazama ukuta na kukutajia ndoo ngapi za rangi. Midomo ilikuwa inacheza.

"Sasa," akasema, neno moja, akapumzika, "umeongezwa, au umepunguziwa?"

"Hata sijui, Baba."

Akatikisa kichwa. "Hata mimi." Kisha akainua mkono wake mzima. "Lete taulo. Baridi."